Mabakuli ya Watu

Bakuli la kwanza lilitoka kwa Bi Mastura, mke wa fundi cherehani, jioni ya Ramadhani mosi, adhana ikiwa bado kidogo. Lilikuwa bakuli la kauri lenye maua ya buluu ubavuni, limejaa mhogo wa nazi, juu limefunikwa kawa. Mtoto aliyelileta akapiga hodi, akasema mama anawasalimu, akakimbia asije akapitwa na tende kwao. Mwatumu alilipokea akashukuru mpaka mtoto akawa ameshapotea kwenye kona. Nyumba yake ilikuwa ile ya udongo iliyoezekwa madebe, pale mtaa wa Mabawa, nyuma ya bomba la maji, na siku hiyo jikoni mwake mlikuwa na kibaba cha unga wa daku na chumvi ya kwenye kifuu, basi.

Walifuturu wakashiba. Ame, mumewe, alikula polepole huku akiwasogezea watoto vipande vilivyolowa nazi, na Mize, mtoto wao wa mwisho, aliyekuwa na miaka minne, alisinzia kabla hajanawa mikono. Ame alikuwa kuli wa bandarini, Mpemba aliyekuja Tanga angali kijana na kuoa Mpemba mwenziwe. Mwaka ule, mwaka wa kutawazwa Malkia wa Uingereza, bei ya katani ilianguka, marobota yakabaki mashambani, na meli zikawa za nadra. Masika nayo yalinyesha manyunyu tu, unga ukapanda bei. Makuli wakawa wengi kuliko mizigo.

Baada ya kula Mwatumu aliosha bakuli, akalifuta kwa ncha ya kanga, akaanza kutafuta cha kutia ndani.

Asiyekuwa wa pwani atauliza, cha kutia cha nini? Si amrudishie mwenyewe bakuli lake, limeoshwa linang'aa, yaishe? Haya, na ajaribu. Pale mtaani mtu akikuletea chakula, chombo chake kinarudi na kitu: visheti, ndizi, konzi ya kunde, hata bizari ya kufungwa kwenye karatasi. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo wala hakuna anayeisema. Mwanamke anayerudisha chombo kitupu huonekana hana adabu, au hana kitu, na Mwatumu hakujua lipi kati ya hayo mawili lingemuuma zaidi. Akautazama unga wa daku. Akaitazama chumvi, lakini akimrudishia mtu chumvi kwa mhogo wa nazi angeonekana anamfanyia dhihaka. Akaliweka bakuli uvunguni mwa kitanda, akajisemea kesho.

Kesho ikaja na bakuli jingine, la bati, la mke wa muuza kahawa. Keshokutwa ikaja sahani ya ndizi mbichi kwa samaki kutoka nyumba ya kona. Watu wa Mabawa walikuwa wakarimu, tuwape haki yao. Walijua bandari imelala. Hawakujua imelala kiasi gani kwa Ame, kwa sababu Mwatumu alikuwa bingwa wa kuficha: kanga zake safi, ua umefagiwa, na kila jioni moshi unatoka jikoni hata kama sufuria ina maji matupu. Vyombo vikazidi uvunguni. Kila kimoja alikiosha, akakifuta, akakiinamisha juu ya mwenzake.

Kila alfajiri Ame alikwenda langoni bandarini akasimama na wenzake. Nyapara alipanda juu ya sanduku akaanza kunyoosha kidole: wewe, wewe, na yule pale. Waliompelekea kitu nyumbani kwake walichaguliwa kwanza, kisha vijana wenye mabega. Ame alikuwa na bega moja lililokaa vibaya tangu robota limwangukie, na nyapara alilijua bega hilo. Siku moja, kwa kutaka kuchekesha watu, alimwuliza mbele ya wote kama amefunga kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya mkewe kutopika, maana midomo imemkauka mno. Watu wakacheka. Ame naye akacheka. Alirudi nyumbani kwa miguu, hakumweleza mtu. Kazi pekee aliyoipata mwezi ule ilikuwa kuchimbia nguzo za bendera za sherehe ya Malkia, na ujira wake ulichukuliwa na mwenye nyumba kabla jua halijachwa.

Binti yao mkubwa, Tabia, alikuwa na miaka kumi. Alifunga tangu siku ya kwanza bila kuambiwa. Alimsikia mama yake akisema kiporo ni cha Mize kwa sababu Mize hafungi, akakaa akafikiri, kisha akasema yeye amekua, atafunga. Majirani walimsifu. Bi Mastura alimshika kichwa akasema mtoto kama huyu ni neema nyumbani. Mwatumu aliposikia sifa hizo aliingia jikoni akajifanya anachochea moto, akakaa humo mpaka macho yakakauka.

Jioni moja Ame aliinama kutafuta ndara zake uvunguni, akayaona mabakuli.

"Haya ya nani yote?"

"Ya watu."

"Si uyarudishe."

"Na nini ndani?"

Ame aliinuka na ndara zake mkononi. Akasema yarudi hivyo hivyo, watu waungwana wataelewa. Mwatumu akamwambia kwamba yeye mwanamume, haendi bombani, hajui wanawake huelewa namna gani. Kisha akashusha sauti ili Tabia asisikie, akamwuliza mbona na yeye hajakwenda kwa imamu kumwambia hali yake, kama kusema ni jambo jepesi hivyo. Ame alivaa ndara akatoka. Hawakuwa watu wa kugombana, na maneno yale yalikaa kati yao siku kadhaa kama mgeni asiyetaka kuondoka.

Mwezi ulipofika katikati, Bi Mastura alijiwa na wageni kutoka Mwera, shemeji zake na watoto wao, akajikuta hana vyombo. Alimtuma mtoto kuuliza kama lile bakuli lake la maua wameshamaliza kulitumia. Mwatumu akasema litakuja kesho, na bakuli lenyewe liko pale pale, safi kabisa, mkono ungelifikia. Kesho yake mtoto akaja tena. Mwatumu akasema ameliazima mtu mara moja. Uongo huo ulimtoka kabla hajaufikiri, na alipofunga mlango alijiona mchafu. Bi Mastura hakutuma tena.

Bombani maneno yakaanza. Mke wa muuza kahawa alisema bakuli lake la bati limeingia nyumba ile kama lililoingia kaburini. Mwingine akasema ndivyo walivyo wale, hukusanya vyombo vya watu wakavipakia jahazini kwenda navyo kwao. Wakacheka. Tabia alikuwa kwenye foleni na ndoo yake, nyuma yao kidogo. Labda hawakumwona, labda walimwona. Alichota maji, akajitwisha, akafika nyumbani, akamwuliza mama yake kama ni kweli wanahamia Pemba. Mwatumu akauliza nani kasema. Mtoto akamweleza yote neno kwa neno, kwa sababu hakujua lililo baya ni lipi.

Baada ya hapo futari zilikoma kuja. Wanawake hawakukaa wakapatana. Kila mmoja alikuwa na sababu yake: huyu hana chombo cha ziada, yule kakasirika, na Bi Mastura mwenyewe aliogopa kwamba akipeleka kingine itaonekana anawakumbusha kile cha maua. Lakini tumbo la mtoto litazijuaje sababu hizo? Jioni hodi haikusikika. Mwatumu aliwafuturisha watu wake mapapai mabichi ya kuchemsha, au mchicha pori wa kando ya reli, na siku moja maji ya moto yenye sukari aliyoikwangua chini ya kopo. Adhana ilipokaribia, Mize alikaa kizingitini kumngoja yule mtoto wa mhogo. Mwatumu alimwingiza ndani, kwanza kwa maneno, siku nyingine kwa kofi, na baada ya kofi aliyelia zaidi ni mama.

Mwezi ukielekea kuisha, alisikia kwamba kwenye bohari moja la nafaka, upande wa stesheni, wanawake huruhusiwa kufagia mchele unaomwagika magunia yakishapakiwa. Akavaa buibui, akajifunika mpaka machoni, akatia ufagio wa makuti ndani ya kikapu kama mtu anayekwenda sokoni. Aliwakuta wanawake wamechuchumaa kwenye sakafu ya saruji, wengi wao wa bara, wake za watu waliopunguzwa kazi mashamba ya mkonge. Karani alisimama mlangoni akiwaambia, kwa sauti ya kuchungia mbuzi, kwamba atakayegusa gunia ataliona jua la kesho akiwa polisi. Mwatumu akatafuta mahali pa kuchuchumaa. Mwanamke mmoja akamsogezea nafasi.

"Mama Tabia, fagia huku kwenye nyufa. Ndiko unakojificha."

Alikuwa Dorkasi, mke wa Timotheo, Washambaa wa Kilutheri waliopanga chumba mwisho wa mtaa. Timotheo alibeba mizigo ya wasafiri stesheni, siku ikiwepo. Mwatumu, aliyedhani buibui limemsitiri, aliona uso unamwaka moto. Dorkasi hakuona ajabu yoyote. Alisema yeye huja kila wakipakia, tena angemwita zamani kama angejua, lakini angejuaje, na moshi wa nyumba ya Mama Tabia haukosi hata siku moja?

Walifagia mpaka adhuhuri, kisha wakakaa kwenye kivuli cha ukuta wakipeta. Ulikuwa mchele wa chenga, umechanganyika na mchanga, nyuzi za magunia na mavi ya panya. Dorkasi alimwonyesha namna ya kuupeta, kuuchambua, kisha kuupeta tena, na kwamba nyumbani auoshe mpaka maji yatoke meupe. Mwatumu akabakiwa na pishi moja na nusu. Alipouona umetulia kwenye ungo, mweupe, aliupitisha vidoleni akatabasamu. Ndipo alipomsimulia Dorkasi habari ya mabakuli. Hakuwahi kumsimulia mtu. Akasema sasa amepata cha kutia.

Dorkasi aliacha kupeta.

"Dada, mchele huu walishe wanao. Mabakuli wapelekee matupu, waambie huna. Neno moja tu hilo."

"Wewe unaweza kulisema?"

"Nimelisema mara nyingi. Linauma, kisha linapita."

Mwatumu akaumimina mchele wake kikapuni. Alipokuwa anafunga kikapu alimwomba Dorkasi asimwambie mtu yeyote mtaani walipokutana, akamshika mkono na kumwapisha. Dorkasi akasema yeye si mtu wa kuapa, ila hatasema. Na kweli hakusema, na baadaye alijuta.

Mwatumu alikuwa na hesabu yake, msimwone mjinga. Aliiwaza fitri. Mwezi ukiisha, kabla ya sala ya Idi, kila mwenye nacho hutoa pishi ya nafaka kwa kila kichwa cha nyumba yake, akampa asiyekuwa nacho. Mwaka uliopita Ame mwenyewe alitoa. Mwaka huu wao ni wa kupewa, na Mwatumu alishalikubali hilo moyoni, kwa sababu fitri haiombwi, huletwa mlangoni, na aliyepewa hadaiwi kurudisha kitu. Ni haki yake. Lakini nani atampelekea fitri mwanamke anayesemwa bombani kuwa mwizi wa mabakuli? Basi kwanza arudishe vyombo vya watu, tena vimejaa. Maneno yataisha, nyuso zitakunjuka, na alfajiri ya Idi fitri itagonga mlango. Wanawe watakula wali, wali wa gunia, usio wa kufagiwa. Alilipindua jambo hilo huku na huku, hakuona kasoro.

Siku ya mwisho ya mfungo, Ame akiwa bandarini, aliupika mchele wote. Nazi alizipata kwa kumtwangia mpunga mwanamke mmoja wa barabara ya pili. Alijaribu kutia kidogo kidogo ili na watoto wabakiwe, lakini alipolitazama bakuli la maua likiwa nusu, aliona yeyote angejua hiki ni chakula cha mtu anayejinyima. Akaongeza. Na akiongeza kwa huyu atapunguzaje kwa yule? Akayajaza yote. Tabia alitumwa nyumba moja moja, kawa juu, mgongo umenyooka, na kila aliporudi alichungulia sufuria.

"Mama, na wetu?"

"Wetu kesho, mwanangu. Kesho Idi."

Chini ya sufuria palibaki ukoko. Mwatumu aliubandua kwa mwiko, akaulowesha kwa maji ya moto, akawawekea watoto futari yao. Ame aliporudi alianza kuisikia harufu ya wali wa nazi tangu njiani, uso ukamkunjuka, akaharakisha. Akaingia, akaiona sufuria. Mwatumu alimweleza hesabu yake ya fitri toka mwanzo. Ame alimsikiliza mpaka akamaliza, akasema insha Allah, akafuturu kwa maji, akaenda msikitini.

Sasa tuje kwa fundi cherehani. Bi Mastura hakuwa mwanamke mbaya. Yale maneno ya bombani yalimkera, ingawa hakuyakataza, na asubuhi ya siku ile alimwambia mumewe kwamba yeye haamini kama Mama Tabia ni mwizi. Anaona kuna jambo. Pengine watu wale wana shida na wanaona haya, basi fitri waanze nao. Fundi akakubali. Pishi mbili za mchele zikapimwa, zikafungwa kwenye kitambaa kilichobaki cherehanini, zikawekwa juu ya meza.

Saa za alasiri Tabia akapiga hodi. Bi Mastura alifunua kawa akakuta wali wa nazi umefika ukingoni, bado una mvuke. Alifurahi kwa dhati. Tena aliona haya, kwamba alimdhania jirani yake vile. Fundi akainama akanusa, akatikisa kichwa kwa kuutamani. Kisha akazitazama zile pishi za mezani. Akasema fitri ni haki ya asiyekuwa nacho, na mtu anayepika wali akaugawa mtaa mzima siku kama ya leo anacho. Wakimpelekea nafaka watamvunjia heshima. Bi Mastura akaona ni kweli, na akamshukuru Mungu kwamba wali ulikuja kabla hajawatia watu wale aibu. Pishi zote mbili akampelekea bibi mmoja asiyeona, wa mtaa wa nyuma, ambaye naye alistahili.

Kwa muuza kahawa walisema vivyo hivyo. Nyumba ya kona walisema zaidi: kumbe wale wana akiba, ndiyo maana walikuwa kimya.

Alfajiri ya Idi Mwatumu alichota maji, akawasha moto, akabandika sufuria ili mchele ukija usisubiri. Akakaa nyuma ya mlango. Takbira zilianza kusikika kutoka msikitini, na nyayo za watu zikipita. Kuna waliosimama karibu kabisa. Akashika komeo, akasikia hodi ikipigwa nyumba ya pili. Ame alikuwa amevaa kanzu yake yenye kiraka begani na alikuwa anachelewa kwa makusudi, mara anaitengeneza kofia, mara anaitengeneza tena. Mwishowe ilimbidi aende. Maji yakachemka. Mwatumu akayaongeza, yakachemka tena. Kisha takbira zikanyamaza, na mtaa mzima ukawa kimya kwa sababu wanaume wamesimama kwenye sala. Fitri wakati wake ni kabla ya sala. Alijua hivyo tangu utotoni, lakini aliendelea kukaa pale mlangoni.

Watu waliporudi, Bi Mastura alikuja mwenyewe. Alivaa kanga mpya na ananukia udi. Wakashikana mikono, wakatakiana Idi njema, na Bi Mastura akamsifia wali wake, namna nazi ilivyokolea.

"Nisamehe, shoga. Mimi nilikuwa nimewawekea pishi mbili za fitri pale mezani, nikidhani mmekwama. Kumbe mambo yenu mazuri. Nimempelekea yule bibi asiyeona."

"Umefanya vizuri, dada," alisema Mwatumu. "Alhamdulillahi."

Bi Mastura akasema watoto waje kwake kumpa mkono wa Idi. Akaisikia sufuria ikitokota, akasema hataki kumchelewesha na mapishi yake. Mwatumu alimsindikiza mpaka nje, wote wawili wakicheka.

Ame alipoingia alimkuta amekaa chini, kaegemea kitanda. Alimwambia. Ame alivua kofia akaishika mkononi, akaigeuzageuza. Hakumlaumu, na angemlaumu pengine ingemfaa zaidi. Baadaye akasema kwa sauti ndogo kwamba watoto na waende kwa majirani. Ni Idi, watoto wote wanazunguka, kila nyumba watakuta sinia.

Mwatumu aliwavisha kanga zake mbili zilizobaki na rangi, akawapaka mafuta miguuni. Alikuwa na neno la kumwambia Tabia na lilikuwa gumu kutoka. Tangu mtoto yule aanze kutembea alimfunza kwamba nyumba ya watu akikaribishwa chakula aseme ahsante, nimeshiba. Mtoto wa watu hali ovyo. Alimfunza kwa mdomo na kwa fimbo mpaka likamkaa. Leo atamwambiaje aliache? Atamwambia kwa sababu gani? Alimtazama Ame ili yeye aseme. Ame alitazama sakafu. Watoto wakatoka wameshikana mikono.

Walirudi upesi mno. Mize alilia njia nzima, sauti imekwisha, na Tabia alikuwa amemkamata kifundo cha mkono kwa nguvu. Tabia akasimama mbele ya mama yake akatoa habari kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Kwa Bi Mastura waliwekewa pilau la nyama, wakaambiwa wanawe mikono. Kwa muuza kahawa waliwekewa mkate wa kumimina.

"Nikasema ahsante, tumeshiba. Mize alitaka kukaa, mama, alikwishaingiza mkono. Nikamvuta."

Akangoja asifiwe.

Mwatumu alimtazama mtoto yule, midomo iliyopasuka, mafuta ya miguuni yaliyokwishashika vumbi, akaona kwamba hii ndiyo kazi ya mikono yake mwenyewe. Akainuka, akachukua bakuli lake la bati, lake mwenyewe, lililobanduka rangi, akatoka nalo. Buibui aliliacha msumarini. Ame alimwita mara moja kwa jina, kisha akamwacha.

Mtaa ulikuwa umejaa watu na nguo mpya. Mabarazani walikuwa wanakunywa kahawa. Mwatumu alipita katikati yao na bakuli mbele ya kifua, wazi, hana kawa, na kila aliyemwamkia aliliona ndani. Mke wa muuza kahawa alikuwa anasema jambo, akaacha. Mwisho wa mtaa Dorkasi alisimama mlangoni kwake, akalielewa bakuli lile kabla ya wengine wote, akajifunika uso kwa kanga.

Kwa fundi cherehani alipiga hodi akasubiri nje. Bi Mastura alitokea anacheka, mikono ina mafuta ya pilau. Akaliona bakuli, na kwa mazoea tu akachungulia ndani kuona ameletewa nini.

"Hamna kitu, dada," alisema Mwatumu. "Nimekuja nalo tupu. Wanangu hawajala. Ule wali niliokuletea jana ulikuwa wao."

Kicheko kilimtoka Bi Mastura usoni kidogo kidogo. Nyuma yake, ukumbini, watu waliokuwa wanakula waligeuka, na fundi akalirudisha tonge siniani. Mwatumu alisimama pale pale juani, machozi yanamtiririka na hayafuti, bakuli amelinyoosha mbele, akingoja lipokewe.